Ndoto Iliyokosa Mpokezi

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa jikoni kwa Mama, Kayole, nikimchambulia sukuma wiki. Nikausoma kwa sauti: "Ikisiri yako imepokelewa." Ikisiri ni muhtasari wa makala ambayo mtu anaomba kuisoma kwenye kongamano, na hiyo yangu nilikuwa nimeingojea hadi nikakata tamaa. Mama hakuniuliza ikisiri ni kitu gani. Aliuacha mwiko umesimama ndani ya ugali, akafuta mikono kwenye leso, akasema, "Wameipokea? Ndoto yangu?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na furaha na haraka, na ni kweli makala ilihusu ndoto yake. Nilipotambua alichokuwa ameelewa, alikuwa ameshawapigia wenzake wa kanisani.

Kanisa la Mama ni dogo, la kanzu nyeupe, vilemba na ngoma. Lilikuja Nairobi na watu wa magharibi mwa Kenya waliofuata kazi za reli na viwanda, na siku hizi linakutania katika chumba cha chini cha ghorofa ya kupangisha, kati ya saluni na duka la simenti. Jumapili, aliyeota ndoto huvua viatu, husimama mbele na kuisimulia. Akimaliza, kanisa zima hujibu, "Tumeipokea." Kuanzia hapo ndoto si mzigo wake tena, ni ya wote, na wote wataiombea. Wakinyamaza, unavaa viatu vyako na kurudi nayo nyumbani.

Ya Mama walinyamaza. Alikuwa amemwona kaka yangu kwenye bomba la maji la Shauri Moyo, tulikokaa tukiwa wadogo. Kaka alikuwa amevaa kaptura ya shule, ameinua mtungi uliojaa, anasema, "Mama, nipokee." Kila Mama akinyoosha mikono kuuchukua ule mtungi, anaamka. Kaka alikuwa kibarua wa maghala, na pombe ndiyo iliyomuua, mtu mzima, katika chumba alichopanga Tassia. Mzee wa kanisa alisimama akasema mtu aliyekufa na pombe hawezi kutumwa na Roho. Hakuna aliyembishia. Niliudhika siku hiyo na bado nimeudhika ninapoandika haya, hasa kwa kuwa mzee huyo huyo alikuwa amekula chapati zetu matangani mpaka akaomba za kufungiwa.

Mimi nafundisha masomo ya dini chuoni. Wengine hasira zao huzimaliza kwa kugombana, mimi yangu niliiandikia makala: ndoto ambazo kanisa limekataa kuzipokea huishia wapi? Mama alikubali niitumie ya kwake, mradi nisimtaje jina.

Baada ya chakula nikajaribu kurekebisha mambo. "Mama, kule kupokelewa si kama kwa kanisani. Maana yake ni kwamba wameniruhusu niende niisome."

Akafikiri kidogo. "Sasa ukishasoma ndiyo watajibu."

"Watauliza maswali."

"Si umesema ni watu wa dini?"

"Ni watu wanaosoma kuhusu dini."

"Watajibu," akasema, na kesho yake akaanza kuifua kanzu.

Kongamano lilikuwa katika chuo kimoja cha theolojia, si mbali na Shauri Moyo. Mama alifika na kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama, na kilemba chenye msalaba mwekundu. Alivua viatu mlangoni. Msichana aliyekuwa akigawa beji akamwambia kwa heshima, "Mum, unaweza tu kuingia na viatu, hakuna shida."

"Najua," Mama akamjibu, akavisukuma chini ya meza yake. Mbele ya meza hiyo kulikuwa na karatasi iliyoandikwa MAPOKEZI kwa herufi kubwa. Mama aliisoma, kisha akanitazama kama mtu aliyeshinda ubishi.

Aliyenitangulia alisoma kwa muda wake na wa kwangu. Nilipopanda jukwaani mwenyekiti alishaanza kuangalia saa, kwa hiyo nikakimbiza nadharia, nikakimbiza mbinu za utafiti, lakini ndoto sikuikimbiza. Niliisoma polepole, kaptura, mtungi na lile neno la nipokee. Niliandika "mshiriki mmoja alisema", kama tunavyofundishwa. Nilipomaliza walipiga makofi, na ya kweli, si yale ya adabu.

"Sasa tunapokea maswali mawili au matatu," mwenyekiti akasema. Nikamwona Mama akiinua kichwa haraka, kisha akakishusha.

Swali la kwanza halikuwa swali, lilikuwa hotuba. La pili lilitaka kujua niliwahoji watu wangapi. La tatu liliulizwa na bwana mmoja mwenye miwani: je, huyo mshiriki namfahamu, na kama namfahamu, najitenga naye vipi nisije nikaharibu utafiti?

"Ni mama yangu," nikasema. "Ameketi pale."

Ukumbi mzima ukageuka. Mama akawapungia mkono. Nami, kwa kuwa nilishaanza kuharibu, nikaendelea. Nikasema aliyekufa ni kaka yangu. Nikasema ndoto hiyo ilikataliwa kanisani na bado inangoja jibu, na jibu lenyewe ni neno moja tu. Nikalitamka hilo neno ili walijue. Kisha nikangoja.

Walitabasamu kwa upole. Wengine waliinama wakaandika. Nadhani walidhani nimetoa mfano mzuri wa namna waumini wanavyofanya, na ningekuwa nimeketi pale, pengine na mimi ningeandika. Mwenyekiti akasema huo ni mchango wenye uzito, akamshukuru mama yetu kwa kuja, akatangaza kwamba chai iko tayari. Ndoto ya Mama ilikuwa imetolewa mbele ya watu mara ya pili, safari hii na mimi, na mara ya pili imenyamaziwa.

Nilimkuta kwenye baraza, bado miguu mitupu, na andazi kwenye kitambaa cha karatasi.

"Wamepiga makofi," akasema.

"Wamepiga."

"Lakini hawakujibu."

"Hawakujibu, Mama."

"Si watu wabaya. Yule wa miwani amekuja kunisalimia kwa mikono miwili." Akamega andazi, asile. Kutoka pale barazani yalionekana mapaa ya mabati ya Shauri Moyo, na yeye alikuwa ameyakazia macho. "Bomba lilikuwa upande ule," akasema. "Walishaling'oa."

Nilikuwa nimeshika kikombe, kwa hiyo viatu nikavivua kwa kusukumanisha visigino, kimoja kwa kingine, na saruji ilikuwa baridi. Watu walitupita na sahani zao. Mama aliitazama miguu yangu kwa muda. Kisha akalifunga andazi kwenye karatasi, akasimama wima, akaanza kuisimulia tena tangu mwanzo, kwa sauti ya chini: kaptura, bomba, mtungi uliojaa, Mama nipokee. Akafika mwisho akangoja.

"Tumeipokea," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Uko peke yako. Sema nimeipokea."

"Nimeipokea," nikasema, na machozi yakanitoka pale pale mbele ya maprofesa, kikombe kikainama hadi chai ikamwagika. Mama akanipokea kikombe.