Mtalii wa Kwetu Nuu

Leo nimetembezwa jangwani kama mtalii, na hilo jangwa ni kwetu.

Tangazo lilisema tutapiga kambi "jangwa la Kitui", watu kumi na wawili. Nilijiandikisha juu ya hao watu. Nyumba yangu kule Mukuyuni imenyamaza sana siku hizi.

Wengine wote wakaghairi. Tukabaki mimi na guide, na hema ya zipu mbovu.

Gari likakata kona kuelekea Nuu. Nuu, jamani! Nilikozaliwa!

Nikamwacha guide anieleze habari za kwetu.

Akanipeleka kwa mto mkavu kunionyesha "maajabu": ukichimba mchanga, maji yanatoka. Akachimba katikati, wapi. Nikapiga magoti kando ya mwamba, nikachimba kwa mikono kama nilivyofunzwa na mama. Maji yakaja.

Mama mmoja aliyekuwa akimchotea punda wake maji akacheka. Akaniuliza kwa Kikamba, "Kumbe unajua! Wewe ni wa kwa nani?"

Nikakumbuka boma letu. Tulimzika mama, tukafunga mlango, kila mtu akashika njia yake.

Nikamjibu kwa Kiswahili, "Mimi ni mgeni tu, mama."

Nyinyi mngemwambia nini?