Fundi Anachagua Programu

Tangu fundi cherehani, jirani yangu, aingize kompyuta sebuleni, cherehani yake imepoa. Futi bado inaning'inia shingoni, chaki imechomekwa nyuma ya sikio, lakini mkono haubanduki kwenye kipanya. Anatafuta programu ya kuchorea nguo kabla ya kukata. Hii haijui kola, ile inataka kulipiwa kila mwezi, nyingine muda wa majaribio umekwisha kabla hajajua pa kubonyeza. Kila akifuta moja hulamba kidole, kama anayetaka kutunga uzi, kisha anapakua nyingine. Nikimuulizia gauni langu, hata hageuki. "Subira, dada. Nikishapata programu, yako ni ya kwanza."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Harusi ya mdogo wangu ni kesho kutwa, basi leo nimeingia bila hodi na kudai kitambaa changu hivyohivyo kilivyo. Akaachia kipanya, akakohoa kidogo, akatazama sakafu. Hapo ndipo nilipokiona kifuniko cha kukinga kompyuta na vumbi, kimekunjwa vizuri pembeni yake: kitambaa changu cha zambarau, kimekatwa, kimepindwa, kona zote nne zimekaa barabara.

"Na hiki umekikata kwa programu gani?"

"Hicho nilikadiria kwa macho tu, dada."