Nilivyoosha Treni ya Mukwe Wangu kule Mullingar

Kilichonitoa Likasi ni mtoto wangu Régine kuzaa. Kwetu binti akizaa, mama yake anamfuata: anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji, anaosha nepi. Na akiwa nyumbani kwa wakwe za binti yake hakai bure hata siku moja, maana akikaa bure watasema binti ametoka kwa wavivu, na maneno ya namna hiyo hayana mwisho. Basi nyinyi mliobaki mtaani Kikula, mama Élodie, mama Kapinga, na wewe Honorine uliyesema nakwenda kunenepa kwa siagi ya wazungu, mjue nilikwenda kufanya kazi. Na shida yote ilitoka hapo hapo kwenye kazi.

Likasi, Jumatatu asubuhi. Dereva wa basi la Lubumbashi alikuwa Fidèle, mtoto wa Tshibangu aliyekuwa akishona viatu karibu na gare, stesheni ya treni. Alinusa mfuko wangu.

“Mama, unaenda wapi na samaki ya ziwa Tshangalele?”

“Bulaya.”

“Bulaya haiko na samaki?”

“Iko nayo. Lakini habajue kuikausha.”

Akauweka mfuko juu ya paa, peke yake, mbali na mifuko ya watu.

Kutoka Lubumbashi nilipanda ndege mpaka Addis-Abeba. Pale nilingoja kwa muda wa saa saba pamoja na mama mmoja wa Kolwezi, Mujinga Brigitte, mwenye watoto tisa. Majina yao yote ninayo, lakini nitawahurumia nyinyi. Ndege ya pili, halafu ya tatu, na Jumanne jioni nikafika Dublin, mji mkubwa wa Irlande, yaani Ayalandi. Mtu wa forodha alifungua mfuko wangu, akanusa, akafunga haraka kuliko alivyofungua.

Dublin. Aliyekuja kunipokea ni Brendan, mume wa Régine. Mimi kwa heshima sikumtazama usoni, kama inavyotakiwa mama mbele ya mume wa binti yake. Yeye akadhani nimekasirika. Ndani ya treni alimpigia Régine simu mara tatu kuuliza amekosa nini. Treni ilikuwa safi, viti vina kitambaa, na nje ni majani mabichi na ng'ombe wanene wasio na haraka. Baada ya saa moja na kidogo tukashuka Mullingar, mji ambao ungeingia wote ndani ya Likasi na nafasi ikabaki.

Mullingar. Régine anakaa na mume wake katika nyumba ya baba mkwe, mzee Fintan, mjane wa miaka sabini na moja aliyekuwa karani wa posta. Mtoto anaitwa Marthe, jina langu, kwa hiyo ni mzuri. Fintan alisoma Kifaransa shuleni zamani. Anakisema polepole, kama mtu anayeshuka ngazi huku amebeba mayai. Tulielewana.

Jumatano alinipandisha kwenye chumba cha chini ya paa. Mama zangu, mle ndani mna reli inayozunguka ukuta mpaka ukuta, juu ya meza, na treni ndogo zinakwenda kwa umeme. Vichwa vyote ni vya mazutu, yaani dizeli, treni za nchi yao tu. Za Waingereza hazitakiwi humo. Alinionyesha kimoja cha rangi ya machungwa na nyeusi, akanitajia namba yake, sifuri sabini na moja, kwa sauti ya mtu anayetaja mtoto aliyefaulu. Kina urefu wa mguu wangu, nami navaa viatu namba thelathini na saba. Nyuma yake kulikuwa na mabehewa manane ya kubeba madini ya zinki kutoka mgodini mpaka bandari ya Dublin.

Nikamwambia marehemu bwana yangu Célestin alifunga na kufungua mabehewa ya shaba pale gare ya Likasi miaka ishirini na sita. Fintan akafurahi mpaka akaniletea kiti. Akaniambia reli ya Irlande ni pana kuliko ya nchi nyingi, lakini reli ndogo za dukani zimekatwa kwa kipimo cha Waingereza, nyembamba, na jambo hilo linamuuma kila siku. Nikampa pole. Sikujua kwamba mtu anaweza kufiwa na upana.

Halafu akasema Jumamosi kuna maonyesho kwenye ukumbi wa parokia, na rafiki yake Mossie, mashinisti aliyeendesha treni ile ile ya zinki mpaka pensheni, atatolewa nyumba ya wazee aje aione. Baada ya hapo binti yake Mossie anamhamishia Uingereza. Haitakuwapo siku nyingine.

Nikayatazama yale mabehewa. Yalikuwa machafu. Moshi, mafuta, kutu, vumbi la kijivu mpaka kwenye magurudumu. Nikajisemea: mjane huyu, mke hana, mgeni wake mkubwa anakuja Jumamosi, na treni iko hivi.

Alhamisi asubuhi Fintan na Brendan walikwenda mjini, Régine amelala na mtoto. Nilichukua beseni, sabuni ya vyombo na mswaki mpya. Behewa moja moja, mpaka namba nyeupe zikaonekana kama jino. Kichwa sikukitia maji, Célestin alinifundisha injini haiogeshwi; nilikipangusa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo mpaka kikang'aa. Nikavipanga vyote juu ya taulo, dirishani. Ilikuwa kazi nzuri, na nasema hivyo mpaka leo.

Fintan aliporudi akapanda, akasimama mlangoni.

“Madame Marthe. Umeyaosha.”

“Yote manane. Na kichwa pia.”

“Asante,” akasema, akakaa kwenye kile kiti changu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa barua ya msiba. Akashuka chini kunywa chai, na chai hakuinywa.

Régine akanivuta jikoni.

“Mama, ile buchafu, yeye njo alichora. Miezi ine.”

“Anachora buchafu?”

“Anachora buchafu.”

“Kwa kupenda yake?”

“Mama.”

Akanieleza. Treni inatoka dukani mpya, inang'aa, na watu hawa wanaona aibu nayo. Basi wanachukua burashi nyembamba na unga wa rangi, wanaichafua kidogo kidogo mpaka ionekane imefanya kazi miaka mingi. Mwisho wanapaka vanishi ili uchafu usitoke. Vanishi Fintan alikuwa ameipangia Ijumaa. Mimi na sabuni yangu tulifika Alhamisi.

“Sasa ataonyesha treni ingine,” Régine akasema. “Na Mossie hataona yake.”

Mama Kapinga, unanijua, mimi si mtu wa kulia. Lakini nilikuja kumtengenezea mtoto wangu jina zuri, na siku ya pili nimemwoshea mkwe wake kazi ya miezi minne.

Alhamisi baada ya chakula nilipanda tena. Fintan alikuwa anayaweka mabehewa kwenye boksi.

“Yatoe,” nikamwambia. “Leta rangi.”

“Madame, ni siku moja na nusu tu. Nami nilikuwa nafuata picha, na picha zenyewe si nzuri.”

“Picha ya nini? Mimi nimefua nguo za Célestin miaka ishirini na sita. Uchafu wa treni najua kila mmoja unakaa wapi.”

Akanitazama. Akatoa behewa moja.

Tukaanza. Yeye anapaka, mimi naonyesha kwa sindano ya kufuma. Vumbi jekundu la breki linakaa chini, halipandi. Mafuta ya mazutu yanashika vumbi, yanakuwa meusi mazito pale tu yanapomiminwa. Madini yanalala juu ya kingo, pale yanapomwagika, hayapaki ubavu wote. Moshi uko juu ya paa la kichwa, nyuma ya bomba. Yeye alipenda kutu sana. Kila nikigeuka ameongeza.

“Fintan, hii inafanya kazi ama imekufa?”

“Inafanya kazi.”

“Basi toa kutu. Treni ya kazi haipati nafasi ya kuoza.”

Tulipofika kwenye ngazi ndogo na vishikio vya kichwa, alitaka kuvipaka kama sehemu nyingine. Nikamshika mkono. Mahali mtu anaposhika kila siku, chuma kinabaki cheupe. Suruali za Célestin zilikuwa nyeusi, lakini kishikio chake pale gare kiling'aa kama kijiko. Fintan akaweka burashi chini, akasema, “Mikono ya Mossie,” akaiacha ngazi bila rangi.

Ijumaa jioni tukapaka vanishi. Siku hizo mbili nepi alifua Brendan. Honorine, hilo usilitangaze sokoni.

Jumamosi, ukumbi wa parokia. Wazee wengi, kila mmoja na treni yake na namba zake, wakibishana kuhusu rangi ya machungwa kama ni hii au ni ile. Mossie aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, mtu mkubwa, mikono mipana. Treni ya zinki ikapita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliifuata kwa macho tu. Fintan alikuwa ameshika kitufe cha kuiendesha.

Mara ya nne Mossie akainua mkono isimame. Akainama, akapitisha kidole ubavuni mwa behewa. Akakitazama kidole. Hakikuwa na kitu, vanishi ilikuwa kavu. Lakini akakipangusa kwenye suruali, akakitazama tena. Na mama mmoja alipomletea biskuti, akasema neno, Régine akanitafsiria: anaomba kwanza apelekwe akanawe mikono.

Fintan akageuka akatazama dirishani muda mrefu, na dirishani palikuwa na ukuta tu.

Baada ya wiki sita nikarudi. Mtoto amenenepa, Régine amepona, na Brendan sasa anajua sikukasirika, ingawa bado simtazami. Nilichojifunza ni hiki: kwa wakwe, kabla hujashika sabuni, uliza, hata kama unaona kwa macho yako kwamba ni uchafu. Inawezekana ni mali ya mtu.

Basi letu lilisimama kabla ya Likasi, mahali barabara inapokata reli, kupisha treni ya madini. Fidèle akalalamika, abiria wakalalamika. Mimi nilifungua dirisha, nikatoa kichwa, nikahesabu behewa kwa behewa. Tulikosea. Chini ya mkono wa kufungulia mlango kuna mstari mweusi unaoshuka, na hatukuuweka hata kwenye moja. Nilimwomba Fidèle simu yake, nikamtumia Régine ujumbe amwambie Fintan. Kabla treni haijamaliza kupita, jibu likafika: Fintan anauliza mstari huo una upana gani, na unaanzia kushoto au kulia.