Anaeli na Jani la Sale

Kutega waya ni kazi ya mvivu, na Anaeli hakuwa mvivu. Hilo aliliamini kama alivyoamini Amri Kumi, pengine zaidi, maana zile Amri alishazivunja mbili tatu. Yeye alikuwa mnyatiaji. Tangu Uhuru mpaka Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1973, alipanda msituni juu ya Marangu na gobore lake, kibali mfukoni, akamfuata pongo mmoja tangu umande haujakauka hadi jua la saa sita, hatua kwa hatua, upepo ukimpiga usoni. Akikaribia alivua viatu. Alijua kwamba pongo dume hupenda kurudia njia yake ya jana, na kwamba akishtuka hubweka kama mbwa, na akishabweka ni heri urudi nyumbani ukale ndizi. Mnyama wa waya, alikuwa akisema, hufa siku mbili, na anayemla anakula mateso yake.

Sasa sikilizeni alichofungiwa. Mitego ya waya!

Mwaka mmoja baada ya marufuku, mabwana misitu walikuta mitego sita juu ya mfereji wa maji, yote ya waya mmoja, wenye ganda la plastiki la kijani. Wakauliza mwindaji wa hapa ni nani. Filemon, jirani yake Anaeli waliyepakana vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo, tena balozi wa nyumba kumi, akajibu kwamba mwindaji anayejulikana ni mmoja tu. Akalirudia hilo mahakamani bila kupepesa macho. Anaeli akamwambia hakimu kwamba gobore alishalisalimisha, na kwamba yeye hajawahi kutega hata panya. Watu wakacheka. Akapewa miezi tisa, na onyo juu yake: akionekana tena msituni, miaka mitatu.

Alipotoka hakuilalamikia miezi tisa. Kilichomuuma ni jina. Watoto walimwita Baba Waya. Kanisani walimtenga, wakamwambia atarudishwa kundini siku atakayosimama mbele ya usharika na kukiri kwamba mitego ile ilikuwa yake. Akakataa kutubu dhambi ya mtu mwingine. Kwa hiyo kila Jumapili ya meza ya Bwana alibaki benchi la nyuma, na mkewe, Priska, akaenda mbele peke yake.

"Siku nikimpata mwenye waya ule," alimwambia Priska, "nitamsimamisha mbele ya kanisa zima."

Basi asubuhi moja ya masika, mwaka 1976, Priska akiwa bado anakamua, Elinipendo, mke wa Filemon, akaingia uani. Hakupita njia kubwa wala hakupiga hodi. Alitokea chini ya migomba, polepole, na mkononi alishika jani la sale lililofungwa fundo.

Mgeni atasema jani ni jani. Kwa Wachagga, anayekuletea sale amekuja kuomba msamaha, na sale halirudishwi. Ukilipokea, kesi imekufa. Atakayeifukua anajiletea laana yeye na wanawe. Ukilikataa, laana ni hiyo hiyo. Mlutheri gani, mtauliza, anaogopa jani? Wote.

"Shikamoo, Baba Tabitha," alisema Elinipendo.

"Marahaba," Anaeli akajibu, kwa shida.

"Filemon hakurudi jana. Alipanda msituni kutafuta dawa ya ng'ombe. Nakuomba umfuate. Hakuna mwingine anayeujua msitu kama wewe."

"Waite mabwana misitu. Mimi nikionekana kule ni miaka mitatu, na mume wako analijua hilo kuliko mtu yeyote."

Elinipendo akapiga magoti kwenye matope, akanyoosha lile jani kwa mikono miwili. "Tusamehe yote tuliyokukosea, Baba Tabitha. Yaliyojulikana na yasiyojulikana."

Anaeli akatazama migomba, akatazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika. Upande huu jela, upande ule laana, na katikati mwanamke amepiga magoti. Priska alisimama na ndoo yake ya maziwa. Filemon alinisemea vibaya kwa kutojua, Anaeli alijiambia, na kutojua kunasameheka. Akalipokea sale.

Hakubeba hata panga, asije akakamatwa nalo. Juu ya mfereji alizikuta nyayo za Filemon: makatambuga ya tairi, kisigino cha kushoto kimelika. Mvua ilikuwa imezifuta nusu, lakini nusu ilimtosha. Palipokuwa na majani matupu aliangalia utando wa buibui uliokatika na kijiti kilichovunjika kikiwa kibichi. Tuseme ukweli, alikuwa na furaha. Aliona aibu kuwa na furaha, lakini kwa mara ya kwanza tangu jela alijisikia mtu mzima. Bila kufikiri akavua viatu.

Ila nyayo zilimsumbua. Anayetafuta dawa husimama, huinama, hugeukageuka. Hizi hazikugeuka popote. Zilikwenda moja kwa moja, za mtu anayejua aendako, kisha zikaingia katika njia ya pongo, kwato zake ndogo zilizochongoka zikionekana wazi kwenye udongo, za jana na za juzi. Anaeli akapunguza mwendo.

Akasikia mtu anaguna.

Filemon alikuwa amelala chali kwenye ukingo wa korongo, kichwa bondeni, mguu mmoja juu. Alikuwa ameteleza wakati wa mvua, mguu ukaingia kitanzini, akaporomoka, na kitanzi kikamshika hapo hapo. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika, hata mtoto angeona. Waya ulikuwa umefungwa kwenye shina la mti, na ulikuwa na ganda la kijani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga wamesema. Hawakusema atakayemtoa ni nani. Anaeli alisimama pale miguu mitupu. Mitego sita, miezi tisa, benchi la nyuma. Mwenye waya huyu hapa. Na yeye alikuwa ameshalipokea sale.

Hapo ndipo alipomwelewa Elinipendo. Ndiyo maana hakuwaita mabwana misitu. Ndiyo maana alisema yasiyojulikana. Yule mama alimnyatia kupitia migombani, upepo ukimpiga usoni, na hakukanyaga hata kijiti.

Filemon akafumbua macho. Hakuomba maji kwanza, maana alijua ni nini tu kingemleta Anaeli huku.

"Baba Tabitha," alisema, "umelipokea sale?"

Angeweza kugeuka akaondoka. Mvua ingemaliza kazi.

"Nimelipokea," alisema Anaeli.

Filemon akalia kwa sauti. Anaeli akamfungua, akaukunja ule waya na kuushika kwa muda. Kisha akautupa korongoni kwa mkono wake mwenyewe, ushahidi wote alioutafuta, akambeba mtu yule mgongoni mpaka chini.

Kijijini ikasemwa kwamba balozi aliteleza akitafuta dawa ya ng'ombe. Mabwana misitu walipouliza Anaeli alikwenda kufanya nini msituni, Filemon akawaambia kwamba aliitwa kuokoa mtu, na ile miaka mitatu haikutajwa tena. Watu wakamsifu Anaeli. Baba Waya, walisema, amejirudi.

"Ulimkuta anafanya nini?" Priska alimuuliza.

"Alianguka."

"Nimeuona mguu wake nilipompelekea uji. Una alama ya waya."

"Alianguka, Mama Tabitha."

Priska hakuuliza tena. Alikuwepo sale lilipopokelewa.

Miaka miwili ikapita. Filemon alitembea kwa fimbo. Msituni hakurudi, na kila Krismasi alileta mguu wa mbuzi, akakaa, akanywa mbege, akazungumzia kahawa na mvua. Neno moja tu, la mitego, halikumtoka. Anaeli asingeweza kulianzisha. Mwenye ruhusa ya kulisema alikuwa ni Filemon mwenyewe, kwa hiari yake.

Kisha Tabitha akachumbiwa. Wazee wa kanisa wakasema baba aliyetengwa hawezi kumsindikiza binti yake madhabahuni. Tabitha hakumsihi baba yake. Alisema tu kwamba mjomba atafaa, akaingia jikoni, na Anaeli akamsikia akilia humo.

Jumapili iliyofuata Anaeli aliondoka benchi la nyuma, akaenda kusimama mbele ya usharika. Filemon alikuwa benchi la kwanza, fimbo katikati ya magoti, Elinipendo pembeni yake ameinamisha kichwa.

"Ndugu Anaeli," mchungaji akauliza, "unakiri kwamba mitego ile ilikuwa yako?"

Anaeli alimtazama Filemon, akatulia bila kutikisika, kama alivyozoea kutulia kichakani akimsubiri pongo ajitokeze mwenyewe. Akampa nafasi ndefu, mpaka watu wakaanza kukohoa.

Filemon akatazama fimbo yake.

"Ilikuwa yangu," alisema Anaeli.