Mwendo wa Florentine Wanuswa na Kanisa

Kwa Jumapili tatu za mwaka 2001, Tamar, mzee wa kanisa huko Vulamba, alipita nyumbani kwa mshonaji Florentine kabla ya ibada ili amnuse kinywa. Majirani walikuwa wamemwona mshonaji huyo akipepesuka asubuhi, na kanisa lao la Kiprotestanti halikumkaribisha kwenye meza ya Bwana mtu anayekunywa kasikisi, pombe ya ndizi.

"Fungua kinywa, mama."

"Leo nilikula sombe. Jana ilikuwa maharagi. Andika!"

Tamar alinusa kwa bidii, akapata majani ya mihogo tu. "Harufu ya pombe hakuna. Mais bado unatembea kama mulevi."

"Donc sombe inanilewesha?"

Lakini baraza la wazee lilikuwa likutane baada ya siku kumi kuliondoa jina lake kwenye daftari la kanisa, na miguu ya Florentine ilikuwa ikikosea hata pedali ya cherehani. Mapigano ya vita yaliyofunga barabara yalipotulia siku mbili, alipanda lori hadi hospitali moja ya Beni.

Daktari Kakule alimwambia aguse kwa kidole pua yake mwenyewe, kisha kidole cha daktari. Kidole cha Florentine kilipita pembeni, kikagusa kalamu mfukoni mwa Kakule. Akaambiwa atembee kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya ule. Alifika hatua ya tatu, akakumbatia kabati.

"Na wewe jaribu, docteur."

Kakule akatembea, akanyooka kama rula.

"Unajionesha," Florentine akasema.

Daktari akacheka, akaketi. "Mu famille, nani alitembeaka hivi?"

"Baba. Kule Luofu balimufukuzaka mu kanisa juu ya pombe. Aliapa mpaka kufa kama hakunywaka. Hata miye sikumuaminiaka."

Kakule alieleza polepole: sehemu ya nyuma ya ubongo, inayopanga mwendo na usemi, ilikuwa ikinyauka, na ugonjwa huo hupita kutoka mzazi hadi mtoto. Dawa hakuna. Alimpa fimbo na barua ya kulieleza baraza.

Mbele ya baraza, Tamar aliisoma barua mara mbili. "Jina yako inabakia, mama. Utusamehe."

Florentine hakuketi. "Na jina ya baba. Muandikie Luofu bairudishe."

"Mais alishakufaka!"

"Donc hamutasumbuka kumunusa."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Tamar akachukua karatasi. "Jina yake yote?"

"Gamaliel Syauswa." Ulimi ulimteleza mara mbili kabla ya kulimaliza. Wazee wakangoja, na hakuna aliyemuuliza amekunywa nini.