Gauni la Karambu

Mimi ni fundi wa nguo, na futi kamba yangu haina adabu. Watu wakidanganyana kuhusu miili yao, mimi nasoma namba. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza sokoni Meru kujua kwamba Karambu ananenepa, na nakiri kwa aibu kwamba nilikuwa pia wa kwanza kumpongeza.

Karambu aliuza maharagwe. Meza yake ilitazamana na cherehani yangu, na tangu asubuhi alikaa juu ya gunia, chekecho mapajani, akitikisa vumbi lianguke na maharagwe yabaki. Mteja akinung'unika kwamba gorogoro, lile kopo la kupimia, halijajaa, alimwongezea kiganja kimoja cha maharagwe na maneno makali mawili, na mteja huyo alirudi wiki iliyofuata.

Mwaka wa 1995 viungo vya vidole vilianza kumuuma, na mashavuni akatokwa na wekundu, akalisingizia jua. Kisha uso ukajaa, na miguu ikafuata. Kwetu mwanamke akijaa hivyo, sifa humwendea mume. Misheck, mumewe, aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya Timau, na aliporudi mwisho wa mwezi watu walimpa mikono kama mgombea aliyeshinda kiti. Mimi nililiachia gauni la kanisani la Karambu inchi mbili, kisha nyingine tatu, na nikamwambia apunguze chapati.

Siku moja akaniambia, huku akicheka, kwamba mkojo wake unatoa povu kama maji ya kufulia. Mimi sikucheka. Nilifunga cherehani, nikampeleka hospitalini.

Walimpima, wakamtuma Nairobi akatolewa kipande kidogo cha figo kwa sindano, na majibu yakarudi kwa daktari kijana aliyeitwa Mutembei. Ugonjwa wake ulikuwa lupus. Mutembei alimuuliza anafanya kazi gani, na aliposikia habari za chekecho alifurahi sana, maana alipata pa kuanzia. Alisema ndani ya figo kuna machekecho madogo mno, maelfu kwa maelfu. Kila moja limefunikwa na seli zenye vijiguu vilivyopishana kama vidole vya mikono miwili, na katikati yake maji na uchafu hupita huku protini ya damu ikibaki. Sasa kinga ya mwili wake, ile ya kupigana na viini vya magonjwa, ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Silaha zake zilikwama kwenye chekecho, zikawasha uvimbe, vijiguu vikaachiliana. Protini ikamwagika kwenye mkojo, na maji yaliyokosa cha kuyashikilia ndani ya damu yakavuja hadi miguuni na usoni.

"Kwa hivyo chekecho yangu imetoboka," Karambu akasema.

"Imetobolewa," akajibu Mutembei. "Na askari wako mwenyewe."

Alimpa vidonge vya kuwatuliza askari hao, akamwonya asiviache hata siku moja bila kumwambia. Karambu alivimeza kwa utiifu ambao Misheck hakuwahi kuuona nyumbani. Povu likaisha, maji yakatoka, na kufikia katikati ya 1996 alikuwa amekonda na anapanda ngazi za soko akiimba.

Lakini miaka ile kukonda kulikuwa kesi. Hakuna aliyekuuliza unaumwa nini. Kila mtu alijua, yaani alidhani anajua, na ukimwi ulinong'onwa nyuma ya viganja. Wateja wakaanza kupokea maharagwe bila kumgusa mkono. Nilikasirika mpaka nikawashonea wawili wao zipu kombo, na sijatubu.

Mwezi wa Novemba, bintiye Mukami akachumbiwa na Mugendi, kijana wa Runyenjes. Wazazi wa Mugendi wangekuja Desemba kuzungumza mambo ya mahari. Nilimpima Karambu, nikaanza kulipunguza lile gauni, naye akanishika mkono.

"Wacha hiyo nguo ikae vile iko. Nitaijaza."

Nilidhani ni utani wake wa kawaida. Asubuhi ya siku ya wageni nikaenda kumvisha, na gauni lilikuwa limejaa pomoni. Nilibonyeza muundi wake kwa kidole gumba, na nilipokitoa, shimo likabaki pale pale. Alikuwa ameacha vidonge. Nilimwita mjinga, na maneno mengine ambayo siyaandiki.

"Mama Koome, nyamaza," akaniambia. "Afadhali waone mama mnene. Mukami asikataliwe juu yangu."

Nikamfungia zipu, na nilijichukia kwa kuifunga.

Wageni wakaja, wakanywa uji, wakakaa. Mama yake Mugendi, Cicily, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani, akamshika Karambu mikono miwili na kumsifu. Alisema nyumba yenye amani huonekana kwa mwili wa mama. Kisha akamgeukia Mukami na kuomba Mungu amjalie mwili kama wa mamake.

Nilimwona Karambu akimtazama bintiye. Tabasamu likamfutika.

"Usimwombee hii," akasema. "Hii si unene, ni maji. Figo yangu inavuja, na niliacha dawa ndio mnione hivi. Siku mtaniona nimekonda, mjue nimepona."

Misheck, ambaye hakujua lolote kuhusu kuachwa kwa dawa, akaweka kikombe chini. Cicily aliinama taratibu, akamvua Karambu viatu, maana vilikuwa vimemkata miguu, akaviweka kando. Halafu akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi kesho.

Walikwenda pamoja. Mutembei alifoka, akaanza matibabu upya, na hakumficha kwamba baadhi ya machekecho yale yameshakufa na hayatarudi. Yaliyosalia yangemtosha, mradi asiwachokoze askari tena.

Harusi ilikuwa Agosti 1997. Nilipunguza gauni lile inchi tano, na sijawahi kufurahia kupunguza nguo namna ile. Kanisani, mama mmoja nyuma yetu alinong'ona kwamba mama wa bibi harusi amekonda sana. Cicily akageuka na kiti chake chote.

"Ndiyo," akamwambia. "Amepona."