Mkono wa Kushoto wa Mama Wane

Kwa kufunga mkoba, Daba Ngom hakuwa na mpinzani. Kompyuta ilikaa upande wa mgongoni, nyaya kwenye mfuko wa kitambaa, nguo zikaviringishwa kama mikate, na kahawa ilikuwa haijapoa. Kazi yake ilikuwa kuandika tafsiri zinazopita chini ya filamu, kutoka Kiwolofu kwenda Kifaransa, kwa ajili ya kampuni moja ya Montreal ambayo haikujali amelala wapi mradi kazi ifike. Basi alikuwa amelala kila mahali: Banjul, Bissau, Praia, Kaolack, siku chache hapa, wiki kule. Rafiki zake wa Dakar walimwonea wivu. Mama yake huko Fatick alikuwa akimuuliza kwenye simu, "Leo uko kwa nani?" naye Daba humtajia jina la mji, jambo ambalo mama hakuuliza.

Asubuhi hiyo alikuwa anaondoka Saint-Louis, mji ambao wenyewe huuita Ndar, kuelekea Nouakchott. Akashuka ngazi za mbao kumuaga mwenye nyumba.

Mama Wane alikuwa mjane wa hakimu na mwalimu mkuu mstaafu. Chumba cha juu alikitoa kwa malipo, kwa kuwa nyumba ya kale yenye roshani haiachi kudai chokaa na misumari, ila neno "kupangisha" hakulitaka masikioni mwake. Yeye alipokea wageni. Alisimama kizingitini, kilemba kimekaa sawasawa, akanyoosha mkono wa kulia.

"Safari njema, binti Ngom. Uwasalimu utakaowakuta."

Daba aliupokea, kisha kitu kikamchoma. Kwao, mtu unayetaka arudi humuagi kwa mkono wa kulia. Unampa wa kushoto makusudi, mkono wa utovu wa adabu, ili kosa libaki kati yenu mpaka arudi mlisahihishe. Mama yake alimpa wa kushoto siku alipotoka Fatick. Tangu hapo, katika miji yote ile, kila aliyemuaga alimpa wa kulia. Hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kumkosea.

Akajaribu mzaha, maana Waserer kama yeye na Watukulori kama Mama Wane ni watani tangu mababu.

"Mama, Mtukulori mzima unaniogopa? Nipe wa kushoto nikajivunie huko niendako."

"Ehee! Mtumwa wangu Mserer leo kajifunza kuomba. Nilidhani mnajua kula wali tu." Lakini macho yake hayakucheka. "Wa kushoto ni kosa, binti. Mimi sikosei mbele za watu kwa ajili ya mpita njia. Umelala hapa wiki nzima. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara anaitwa nani?"

Daba aligeuka. Barazani kwake, nyuma ya cherehani, fundi alimpungia mkono kama alivyompungia kila siku. Jina lake Daba hakulijua.

"Umeona," akasema Mama Wane, akarudi ndani.

Kwenye stendi, hadi alasiri gari la Nouakchott lilikuwa bado linangoja abiria. Simu ikalia, msimamizi wake wa Montreal. Aliuliza habari za filamu, na mwisho, kwa wema tu, akauliza yuko wapi siku hizi.

"Kaolack," akajibu Daba. Kisha, "Hapana. Saint-Louis."

Msimamizi akacheka. "Kunafananaje huko?"

Daba akafungua mdomo. Alikumbuka ngazi, kitanda, na kwamba intaneti haikatiki. Orodha ikaishia hapo. Alipokata simu aliutazama mkoba wake ukipandishwa juu ya gari, akamwambia dereva aushushe.

"We dada, vipi tena! Umesahau nini?"

"Jina la fundi."

Dereva akawageukia abiria. "Haya, tumepata kichaa wa leo."

Mama Wane alimkuta mlangoni, mkoba begani, jasho usoni.

"Nataka kukaa mpaka sikukuu ya Tabaski, Mama."

"Hii nyumba si stendi, mtu anashuka na kupanda apendavyo." Mama alimtazama viatu, akamtazama uso. "Aliwahi kukaa hapa kijana mmoja mchoraji. Nilimwona kama wangu. Alipoondoka nikampa wa kushoto, hapo hapo uliposimama, mtaa mzima ukiona. Hajarudi, wala salamu. Mpaka leo watu wakipita najua wanachokumbuka. Jina la marehemu mume wangu limeandikwa juu ya mlango huu, binti. Halitaaibika mara ya pili."

"Sikuombi mkono. Naomba chumba."

"Chumba utapata. Mkono sikuahidi." Akainua kidole, na ualimu ukamrudia. "Asubuhi, kabla hujafungua hilo dude lako, utasalimia mtaa. Siyo kupunga mkono kama waziri. Utasimama, utauliza hali, utajibiwa. Mchana utakula nasi. Na pakiwa na msiba au sherehe, utavaa kama mtoto wa watu."

Siku za kwanza salamu zilimlia nusu ya asubuhi. Fundi, ambaye aliitwa Demba, alikuwa na magoti mabovu, mke mjamzito na maoni juu ya kila kitu.

"Mgeni wa wiki! Bado upo? Mwalimu amekufichia pasipoti?"

"Nangoja unishonee, Demba. Nasikia unachukua mwaka."

"Mwaka ni kwa Watukulori. Kwa Mserer, mmoja na nusu. Kupima tumbo peke yake ni kazi ya wiki."

Daba alibadilisha saa zake. Montreal huamka wakati Ndar imeshakula mchana, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akimngoja asubuhi isipokuwa wasiwasi wake mwenyewe. Siku moja kwenye filamu bibi mmoja muuza samaki alitoa maneno ambayo zamani Daba angeyakata kwa neno moja akaendelea. Safari hii aliyapeleka jikoni. Mama Wane akayasikiliza, akaangua kicheko mpaka kilemba kikalegea, akamweleza bibi yule alikuwa anamtukana nani na kwa ustadi gani. Daba aliiandika tafsiri ile mara kadhaa hadi ikachekesha kwa Kifaransa pia. Kutoka Montreal walimwandikia kuuliza amefanya nini, kazi imekuwa na uhai hivi.

Ndipo mke wa Demba akajifungua. Siku ya kumpa mtoto jina iliangukia siku ya kukabidhi filamu. Daba wa zamani angefunga mlango, akatuma udhuru. Huyu alizungumza na msimamizi wake mapema, akamaliza kazi siku iliyotangulia, na asubuhi akashuka na vazi refu la bluu aliloshona Demba. Kwa wakati, kinyume na utani wote.

Walikula kwenye sinia moja, kila mtu upande wake. Mama Wane alikuwa akizungumza na mke wa imamu, hakumtazama Daba hata kidogo. Lakini vidole vyake vilimega kipande kinono cha samaki, vikakisukuma juu ya wali hadi upande wa Daba, na maongezi hayakukatika. Daba aliinamisha kichwa akala.

Tabaski, Idi ya kuchinja, ilipokaribia, mama yake alipiga simu. "Uko kwa nani?"

"Kwa Mama Wane," akasema Daba. Upande wa pili mama akacheka kidogo. "Msalimie."

Asubuhi ya kuondoka kwenda Fatick aliuzunguka mtaa akiaga. Mkoba ulichukua muda mrefu kufunga, maana alikuwa akichagua vya kuacha, na nusu ya vitu vilibaki chumbani. Mama Wane alisimama kizingitini, mikono imefumbatwa. Daba hakuthubutu kuitazama. Ng'ambo, cherehani ilinyamaza.

"Huo ushungi umekaa upande," alisema mama. "Fatick watasema tulikulea vibaya."

Daba akauweka sawa.

Mama Wane alimtazama Demba, akawatazama wanawake waliokuwa wakiteka maji bombani, akalitazama jina juu ya mlango. Kisha akautoa mkono wa kushoto, akaunyoosha mpaka nje ya kizingiti, kila mtu auone.

"Haya, Mserer," akasema kwa sauti ya darasani. "Mwalimu amekosa adabu mbele ya mtaa mzima. Rudi uniondolee aibu."

"Asiporudi, Mwalimu, nitamfuata na mkasi!" akapaza Demba.

Fatick, mama yake alikuwa amesimama nje ya ua tangu asubuhi. Daba alimpa mkono wa kulia, wakashikana muda mrefu, kosa la zamani likaisha hapo. Baadaye, wakiwa wamekaa kwenye mkeka, mama aligundua kwamba binti yake ameuweka mkono wa kushoto pajani, umefumbwa kana kwamba umeshika kitu.

"Na huo una nini?"

"Huu una mwenyewe, Mama. Yuko Ndar."